Mjamzito anayebanwa misuli usiku asiambiwe avumilie tu

Katika kliniki zetu za wajawazito kuna malalamiko yanayosikilizwa kwa sikio moja. Mama akisema anatokwa na damu, au kwamba kichwa kinamuuma na haoni vizuri, wahudumu wote wanashtuka. Akisema kwamba usiku shavu la mguu linakaza ghafla hadi anapiga kelele, anaambiwa ni kawaida, kadi inaandikwa, anaitwa mwingine. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kati ya theluthi moja na nusu ya wajawazito hupatwa na hali hii, zaidi katika miezi ya kati na ya mwisho, na wengi huachana nayo wakishajifungua. Lakini likiishia hapo, jibu hilo linadhuru: linamwacha mama ajitafutie dawa kwa kubahatisha, na linasahau kwamba maumivu ya mguu wa mjamzito mara chache huwa ni dalili ya ugonjwa unaoua.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mpya wa huduma za ujauzito, ule uliopandisha mahudhurio ya kliniki kutoka manne hadi manane. Mwongozo huo haukuishia kwenye malaria, shinikizo la damu na upungufu wa damu. Uligusa pia kichefuchefu, kiungulia, maumivu ya mgongo, choo kigumu na misuli ya miguu kukaza. Kuhusu misuli, unaeleza kwamba mama anaweza kutumia magnesiamu, kalsiamu au njia zisizo za dawa, kulingana na anachokipenda mwenyewe na kinachopatikana alipo. Maana yake ni kwamba mama anatakiwa aulizwe na aelezwe. Hapa Tanzania, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wanawake waliohudhuria kliniki angalau mara nne walikuwa asilimia 65. Tunawasihi akina mama warudi, na warudi mara nyingi zaidi. Sioni kwa nini arudi yule ambaye shida inayomkosesha usingizi kila wiki imepewa maneno mawili.

Wapo watakaouliza: sasa tuwape nini, wakati hata sayansi haina dawa ya uhakika? Ni kweli haina. Jaribio la Sweden la mwaka 1995 liliona magnesiamu ikileta nafuu, la Norway la mwaka 2008 halikuona tofauti na kidonge kitupu, la Thailand la mwaka 2015 likaona nafuu tena. Wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walipokusanya tafiti zote zilizofaa mwaka 2020, walipata nane tu, zenye jumla ya wanawake 576, na wakahitimisha kwamba haijulikani wazi kama vidonge vya magnesiamu au kalsiamu vinasaidia. Hata chanzo chenyewe cha misuli kukaza hakijathibitishwa. Kwa hiyo muuza virutubisho anayeahidi kwamba kopo lake litamaliza tatizo ndani ya siku tatu anauza maneno. Na ndiyo maana mama anahitaji mtu wa kumweleza hivyo kabla hajatoa fedha ya mboga kununua kopo lile. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, ufuta, karanga na mbegu za maboga vina kalsiamu au magnesiamu, na vinamfaa mjamzito hata kama mguu utaendelea kukaza. Udongo anaoutafuna kwa kudhani unampa madini haumfai. Unaweza kuzuia madini chuma yasifyonzwe mwilini na ukamletea minyoo.

Lipo pia jambo la kufanya lisilo na gharama. Mguu ukikaza, goti linanyooshwa na vidole vinavutwa kuelekea kwenye ugoko, taratibu, mpaka msuli uachie. Wengi hufanya kinyume chake, wanaunyoosha unyayo kwenda mbele, na msuli unazidi kujikunja. Mwenye tumbo la miezi minane hawezi kuvifikia vidole vyake, kwa hiyo anapitisha kanga chini ya unyayo na kuvuta ncha zote mbili huku amekaa kitandani. Au mumewe anausukuma unyayo kwa kiganja. Mwanamume mwenye usingizi mzito na aamshwe, kazi hii haihitaji cheti. Kabla ya kulala, mama anaweza kusimama akiegemeza viganja ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino kikigusa sakafu, mpaka ahisi shavu la mguu linavutika. Siahidi kwamba kila mmoja atapona. Ninachosema ni kwamba haya yanafundishika kwa dakika mbili na hayana madhara.

Yenye madhara ni yale yanayotokea anapokosa mafunzo hayo. Mama anakwenda duka la dawa muhimu, anasema miguu inamuuma, pengine hata tumbo halijaonekana vizuri chini ya dera, na anauziwa diklofenaki au ibuprofeni. Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba dawa za kundi hilo zikitumika kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito zinaweza kuathiri figo za mtoto aliye tumboni na kupunguza maji yanayomzunguka. Mwingine anabaki nyumbani na kuchuliwa kwa mafuta ya nazi. Kwa msuli uliokaza, kuchua kwa upole ni sawa kabisa. Lakini ujauzito huongeza mara nne hadi tano uwezekano wa damu kuganda ndani ya mshipa, na mara nyingi hutokea mguu wa kushoto. Bonge hilo likichomoka na kufika kwenye mapafu, mama anaweza kufa. Hapo kuchua ni hatari. Msuli uliokaza huachia baada ya sekunde au dakika chache. Damu iliyoganda huacha maumivu yasiyoondoka, mguu mmoja ukavimba kuliko mwenzake na kuwa na joto. Vitabu hutaja pia wekundu, ambao kwenye ngozi nyeusi hauonekani kwa urahisi, ndiyo maana anayempima lazima aishike miguu yote miwili na kuilinganisha.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wauguzi wenyewe: foleni ni ndefu, mhudumu ni mmoja, hana nafasi ya kushika shavu la mguu la kila anayelalamika. Nakubali wamezidiwa, na serikali iongeze watumishi. Hata hivyo, kliniki nyingi huwa na somo la afya asubuhi, akina mama wakiwa kwenye mabenchi kabla ya kupimwa. Zoezi la ukutani na la kanga yanaweza kuonyeshwa pale mara moja kwa wote. Kwa anayelalamika, yatosha kumuuliza kama ni mguu mmoja, kama umevimba, na kama maumivu yanabaki mchana. Anayejibu ndiyo anapimwa. Wengine wanarudi nyumbani wakijua la kufanya. Na wanaosema bibi zetu walivumilia bila haya yote, ni kweli walivumilia. Walivumilia pia kujifungulia sakafuni.

Mjamzito unayesoma haya, ukiona mguu mmoja umevimba, una joto na unauma bila kuachia, usiuchue na usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali leo. Kifua kikianza kubana au pumzi kukatika, usingoje hata saa moja.