KIPIMO KWANZA, HUKUMU BAADAYE



Si wachache katika watoto wa Visiwa hivi waliovuka bahari kutafuta riziki Bara, nao wamefika hata Shinyanga, Kahama na Geita, nchi ya dhahabu. Wengine wamefungua maduka, wengine wameshika usukani wa malori, na wengine wamo juu ya bodaboda. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya kila apitaye njia zile, leo twasema juu ya dereva anayeshitakiwa kwa ulevi.

Penye machimbo hapakosi pombe. Mchimbaji aliyepata hutaka kufurahi, aliyekosa hutaka kusahau, na wote wawili hurudi usiku wakipakiwa na mtu ambaye pengine amekunywa pamoja nao. Gongo lilikatazwa tangu zamani, na pombe ya viroba ilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, lakini kiu haikwisha. Watu husema ajali haina kinga. Neno hilo halimfai mlevi. Aliyekunywa kisha akashika usukani ameiita ajali mwenyewe.

Kwa hiyo hatumtetei mlevi. Sheria ya Usalama Barabarani ya Bara, ya mwaka 1973, yamtoza faini au yamfunga, na mahakama yaweza kumnyang'anya leseni. Akiua mtu, shitaka huwa zito zaidi. Hayo ni haki.

Lakini sheria hiyo hiyo iliweka mizani: miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu. Sisi watu wa maduka twajua kazi ya mizani. Muuzaji akikadiria sukari kwa jicho, hapana budi mmoja atadhulumiwa. Macho mekundu yaweza kuwa ya ulevi, na yaweza kuwa ya mtu aliyekesha safarini. Twajua kuwa ushahidi wa mwendo wa dereva na maneno yake nao husikilizwa. Basi na usikilizwe mahakamani, si kando ya njia. Kipimo kikikosekana, rushwa hupata nafasi: mlevi hulipa, akaendelea na safari yake, na asiyekunywa hulipa kwa kuogopa kuchelewa. Abiria hakupata ulinzi wowote.

Yampasa dereva kushika mambo haya:

Kwanza, akubali kupimwa, na aombe kuiona namba iliyotoka na kuandikwa kwake. Kukataa kupimwa si kinga.

Pili, akikamatwa aulize kosa lake, na aombe ndugu yake au wakili apewe habari. Dhamana ya polisi haiuzwi. Asipoachiwa kwa dhamana, yapasa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kadiri iwezekanavyo.

Tatu, asikiri kosa asilolitenda ili tu shauri limalizike upesi. Aliyekiri, kwa kawaida hana rufaa juu ya hatia, ila juu ya adhabu peke yake. Katiba, ibara ya 13, yamhesabu mshitakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike, na mzigo wa kuthibitisha ni wa mwenye kushitaki.

Nne, asiye na fedha za wakili aulizie msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wala asiogope lugha: tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Nasi twadai mambo mawili. Serikali ipeleke vipima ulevi vizima katika kila kituo cha barabara za machimboni, vikaguliwe kama mizani yetu inavyokaguliwa. Na mpaka ule wa 80 ushushwe hadi 50, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, kwani hata chini ya 80 mkono huchelewa na jicho hukosea.

Asiyekunywa apite bila ya kutoa kitu. Aliyekunywa ashuke, awe maskini au mkubwa wa serikali.