Elimu ya Wananchi Isifungiwe Kabatini

Mwaka 2003 wanasayansi waliokuwa wakihojiana na wawindaji wa Kinyakyusa wilayani Rungwe walisikia habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Mwaka 2005 kima huyo alitangazwa ulimwenguni katika jarida la Science la Marekani. Wananchi walikuwa wakimjua siku zote. Wasomi ndio waliokuwa hawamjui.

Wawindaji wale walitoa elimu yao kwa ukarimu. Je, wasomi hulipa ukarimu wa namna hiyo kwa kitu gani? Majarida mengi ya utafiti humtoza msomaji, na makala moja yaweza kuzidi dola 30. Mwanachuo wa ualimu pale Mpuguso, atakayekwenda kufundisha watoto wa wawindaji hao, atazitoa wapi?

Jambo hili si geni. Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930. Kitabu cha Good Company, kilichotokana na kazi hiyo, kilitoka mwaka 1951 kwa Kiingereza, na karatasi zao zimehifadhiwa Cape Town. Enzi ile ilikuwa ya kikoloni. Msomi wa leo, aliyesomeshwa kwa jasho la mkulima wa chai na ndizi, ana udhuru gani?

Wako wanaodai kwamba kazi ikiwekwa wazi itaibwa. Hoja hiyo haina msingi. Kazi iliyotangazwa kwa jina na tarehe ndiyo yenye mashahidi wengi. Mwizi hustawi pale ambapo kazi ya asili haionekani. Wengine husema kwamba kisicholipiwa ni hafifu. Hao na wasome kitabu cha Bastian Persohn juu ya vitenzi vya Kinyakyusa, kilichochapishwa Berlin mwaka 2017 na Language Science Press. Ni kazi ya kitaalamu, na yeyote aweza kuisoma bila kulipa hata senti moja.

Kweli, yako majarida huria yanayomtoza mwandishi maelfu ya dola, na hilo ni kosa. Lakini wachapishaji wengi humruhusu mwandishi kuweka nakala ya mswada wake katika hazina ya chuo kikuu chake. Kinachokosekana mara nyingi si fedha bali ni nia, kwa kuwa msomi huwaza cheo kwanza, na cheo hupimwa kwa jina la jarida, si kwa idadi ya waliofaidika.

Mwezi Novemba 2021 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha Pendekezo juu ya Sayansi Huria. Pendekezo halitoshi. Vyuo vikuu havina budi kuhesabu, katika kupandisha vyeo, nakala iliyowekwa wazi na muhtasari wa Kiswahili uliorudishwa mahali utafiti ulikofanyika. Kizuri kula na nduguyo. Mtafiti aliyekaribishwa Rungwe kisha akafungia matokeo yake kabatini amekula peke yake, tena chakula alichopikiwa na wengine.