"Mwalimu, na wewe ukimaliza utaajiriwa?"

Najua nimepotea, lakini si mnajua mambo ya mazoezi ya kufundisha tena... usiku maandalio ya somo, asubuhi chaki, mchana kusahihisha madaftari, jioni hoi. Mimi ni mzima wa afya, ila baridi ya Songea ndiyo inanikomesha. Waliowahi kuishi huku mwezi wa sita na wa saba wananielewa. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri maji ya kunawa ni kama yametoka kwenye friji!

Leo nina jambo moja naomba tulijadili. Alhamisi nilikuwa kidato cha pili nafundisha Jiografia, mada ya uchimbaji madini. Nikajiona mjanja, nikaacha mifano ya kitabuni nikaleta ya nyumbani. Nikawaambia: makaa ya mawe yako Mbinga, urani iko Namtumbo, vito vya thamani viko Tunduru, tena watu wamevikimbilia toka miaka ya tisini. Mkoa wetu ni tajiri wanangu! Kijana mmoja kule nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama tuna vyote hivyo, mbona kaka yangu ana digrii na anaendesha bodaboda? Na wewe ukimaliza utaajiriwa?"

Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka. Lakini ukweli nilicheka kwa sababu sikuwa na jibu. Nikasema "swali zuri, tutalijadili kipindi kijacho", ile mbinu yetu walimu wote mnaijua. Usiku sikulala vizuri.

Tuanze na hilo la mimi kuajiriwa maana ndilo linalouma. Kaka na dada zetu waliosoma ualimu zamani walikuwa wakimaliza wanasubiri tu majina yatoke, unapangiwa shule, unabeba begi. Mwaka 2016 serikali ikasimamisha ajira mpya ili ihakiki watumishi hewa na vyeti feki, na toka hapo mambo hayakurudi yalivyokuwa. Siku hizi unaomba kwenye mtandao, unaitwa kwenye usaili, unafanya mtihani. Usaili ule wa walimu wa mwanzoni mwa mwaka 2025, nafasi zilikuwa 14,648. Walioomba walikuwa 201,707. Chukua kikokotoo ugawanye mwenyewe. Ni mmoja katika kila karibu kumi na wanne. Yaani chukua walimu waliojaa kwenye daladala moja, anashuka mmoja tu, wengine wanaendelea na safari isiyojulikana mwisho wake. Haikushangaza kwamba mwezi Februari mwaka huohuo walimu wasio na ajira walianzisha umoja wao, NETO, kupaza sauti.

Sasa kitu kinachonichanganya kichwa ni hiki. Shule niliyopo mimi wananigombania! Nimekuja kufundisha masomo mawili, nimejikuta nashika na vipindi vya mtu mwingine kwa sababu mwalimu wake hayupo kabisa. Darasa lina watoto zaidi ya sabini. Toka elimu bila malipo ianze mwaka 2016 watoto wamejaa shuleni, na hilo ni jambo jema, mimi mwenyewe ni mnufaika. Lakini shule hazina walimu, na walimu hawana shule. Si kwamba kazi haipo. Kazi ipo tele, kinachokosekana ni kibali cha ajira na fungu la mshahara. Hivyo mtu asije akaniambia kwamba vijana tumesoma kozi isiyohitajika. Inahitajika sana, njoo uone madaftari yaliyo mezani kwangu.

Haya, turudi kwenye swali la kwanza la yule kijana. Mbona mkoa una kila kitu na vijana hawana kitu?

Mimi naona hivi. Ruvuma ni ghala. Kila kitu kinalimwa au kinachimbwa hapa, kinapakiwa, kinaondoka. Simama barabarani uhesabu. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, Mbinga, yanapita yanakwenda bandari ya Mtwara. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 na dunia ikatafuta makaa kwa nguvu, malori yalifuatana kama siafu. Mahindi ni hivyohivyo, yanaondoka yakiwa punje kwenye gunia, yanakwenda kusagwa Manzese na Tandale, kisha dukani hapa unaweza kukuta unga uliofungashwa mji mwingine. Kahawa ya Mbinga inakobolewa, halafu inaondoka ikiwa mbichi kwenda kukaangwa ng'ambo. Wenzetu wa Bukoba angalau wana kiwanda cha TANICA kinachotengeneza kahawa ya kunywa. Korosho za Tunduru nazo zinauzwa na maganda yake.

Jamani, ajira haiko kwenye gunia. Ajira iko kwenye kusaga, kukaanga, kubangua, kufungasha, kupima ubora, kutengeneza mashine ikiharibika, kuandika hesabu na kutafuta soko. Tukiuza gunia, tumeuza na hizo kazi zote kwa bei ya gunia. Tunabaki na kazi za kupakia lori na kuwapikia madereva. Sizidharau, mama mdogo wangu anauza chakula barabarani na amesomesha watoto kwa wali na dagaa wa Nyasa. Lakini huwezi kuujenga uchumi wa mkoa wenye watu zaidi ya milioni 1.8 kwa sahani za wali.

Tena hata huko kuuza gunia kwenyewe ni bahati nasibu. Mwaka 2017 nilikuwa kidato cha kwanza. Serikali ilizuia mahindi kwenda nje ya nchi, bei ikaanguka vibaya. Baba alikuwa na magunia yake ndani, tunayaangalia kama wageni waliokataa kuondoka. Akaja mnunuzi akataja bei ambayo haikufika hata gharama ya mbolea. Baba akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema "chukua tu, mtoto yuko shule." Sijasahau ile sauti. Mwaka 2024 bei ya NFRA ilifika shilingi 700 kwa kilo, na ruzuku ya mbolea iliyoanza mwaka 2022 imewapa wazee nafuu. Nashukuru, nasema kweli. Lakini mkulima ambaye mnunuzi wake wa maana ni mmoja au wawili, maisha yake yako mikononi mwa tangazo. Leo 700, kesho hujui. Na ada yangu mimi, kwa sababu mkopo wa Bodi siyo asilimia mia, inategemea tangazo hilohilo.

Najua kuna mdau atasema "subiri dada, mambo yanakuja." Ni kweli yanakuja na siwezi kuyakataa. Zamani Songea ilikuwa mji wa jenereta, umeme unakatika mpaka unazoea. Mwaka 2015 masista wa Chipole wakaanza kuzalisha umeme wa maji pale Tulila, kwenye mto Ruvuma, megawati 5. Masista hao! Halafu mwaka 2018 umeme wa gridi ukafika kutoka Makambako. Barabara ya lami kwenda Mtwara ipo, na ya Mbinga hadi Mbamba Bay ipo. Ndege inatua. Bandari mpya inajengwa Mbamba Bay. Tarehe 30 Julai 2025 Rais Samia alikuwa Namtumbo kuzindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani ya Mto Mkuju, mradi uliokuwa umesimama miaka kadhaa kwa sababu bei ya dunia ilikuwa chini. Na reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay tunaisikia toka sijazaliwa, hiyo tuiache kwanza.

Ninachouliza ni kimoja tu. Hivyo vitu vikikamilika, vitatuletea kazi au vitarahisisha kuondoa magunia? Barabara nzuri haichagui. Inaweza kuleta kiwanda, na inaweza kuharakisha lori linalobeba mali ghafi. Mgodi wa urani utahitaji wanakemia, mafundi mitambo, wapima mionzi, wahasibu. Je, kuna watoto wa Namtumbo wanaoandaliwa sasa hivi kwa kazi hizo? Au tutasubiri mpaka wageni waje nazo, sisi tuombe ulinzi wa geti? Huko darasani kwangu maabara ni chumba chenye kabati moja. Mkemia wa urani hatoki kwenye kabati moja.

Na hapa ndipo napotofautiana na wale wanaotuambia "vijana jiajirini." Wanaosema hivyo wengi wana mshahara mwisho wa mwezi! Jumamosi nilipanda boda kutoka Lizaboni kwenda mjini, na katika maongezi nikagundua dereva ni mwalimu mwenzangu, amemaliza mwaka 2019. Nikamwonea huruma, akaona usoni. Akaniambia:

"Ticha, usinionee huruma. Mimi nimejiajiri kama walivyosema. Pikipiki siyo yangu, kila siku napeleka hesabu ya tajiri. Nikiugua siku mbili nadaiwa. Hiyo ndiyo kujiajiri yenyewe."

Niliposhuka akakataa nimwongezee mia tano. "Utaihitaji ukimaliza," akasema, akacheka, akaondoka. Mweh!

Kujiajiri kunahitaji mtaji, ujuzi na soko. Sisi miaka mitatu tunasoma falsafa ya elimu na saikolojia ya mtoto, vitu vizuri sana navipenda, lakini hakuna siku nimefundishwa kusoma hesabu za biashara. Halafu siku ya mahafali ndiyo tunaambiwa tuwe wajasiriamali. Ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea ubaoni kisha unamsukumia Ziwa Nyasa.

Lakini wadau, sitaki niishie kulaumu tu, maana na sisi tuna yetu. Ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ambayo vijana tumetengewa asilimia nne, ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarudi mwaka 2024. Ni wangapi kati yetu tumewahi kukanyaga ofisi ya maendeleo ya jamii kuuliza masharti yake? Mimi mwenyewe sijawahi, nakiri. Tunajua ratiba ya ligi ya Uingereza mpaka mwezi wa tano, masharti ya mkopo wa kata yetu hatujui. Bumu likitoka tunabadilisha simu.

Maoni yangu mimi mwanafunzi, mnaweza kuyakataa, ni haya. Kwanza, serikali itoe hesabu wazi kila mwaka: shule zina upungufu wa walimu wangapi, fedha iliyopo inaajiri wangapi, ili mtu anayechagua kozi achague akijua. Pili, mali ya Ruvuma iongezwe thamani Ruvuma, angalau kuanzia mahindi, kwa sababu umeme sasa upo na teknolojia ya kusaga siyo ya kwenda mwezini. Vyama vya ushirika viache kuwa madalali wa magunia, viwe na mashine. Tatu, huu mkondo wa amali ulioanza sekondari mwaka 2024 uchukuliwe kwa uzito. Peramiho pale, wamisionari wa Kibenediktini walifika mwaka 1898, na hawakujenga kanisa tu, walijenga na karakana. Mafundi wa Peramiho mpaka leo wanaheshimika. Shule bila karakana inatoa watu kama mimi: wanaojua kueleza madini yalipo na hawajui kufanya lolote nayo.

Na mimi binafsi? Nimeamua nitaomba ajira kila zikitangazwa, sitakata tamaa, ualimu naupenda. Ila sitakaa sebuleni kusubiri. Kuna rafiki zangu wanne wa hapa mjini, tumekubaliana wiki ijayo twende halmashauri kuuliza masharti ya kikundi. Wazo letu ni unga wa lishe, mahindi na soya ya hukuhuku, kwa kuanzia hata kwa mashine ya kukodi. Inawezekana tukashindwa. Tukishindwa nitawaambia hapahapa, bila aibu, ili mwingine asirudie kosa letu.

Jana nilimpigia baba simu. Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita na anataka kujaza ualimu. Baba ananiuliza: "Mwanangu, nimwambie nini mwenzio?" Nikamwambia anipe siku mbili. Siku ya pili ni leo, na jibu bado halijakamilika. Nadhani nitamwambia asome kama moyo wake uko huko, lakini aje na ujuzi wa pili mkononi, na asitegemee daladala ile ya watu kumi na wanne.

Na yule kijana wa kidato cha pili nitamjibu Jumatatu. Nitamwambia ukweli: sijui kama nitaajiriwa, lakini leo niko hapa mbele yako, kwa hiyo fungua daftari.

Sijui wenzangu mnaonaje? Wewe uliye Dodoma, Mwanza, Dar, huko kwenu hali ikoje? Na ungemshauri nini mdogo wangu? Karibuni tujadili, matusi hapana.

Nawatakieni Jumapili njema na wiki yenye baraka. Ngoja nikamalizie maandalio, mwalimu mlezi kesho anaingia darasani kwangu...