Mwethya Hauuzwi Dukani

Kila Desemba tunarudi Mbooni na mipango ya biashara kwenye simu. Mmoja ataleta mashine ya juisi ya maembe, mwingine ana aplikesheni ya kuuza maziwa ya Kikima. Sawa. Lakini hebu niulize: kitu ulichonunua kwa pesa, nini kitamzuia jirani kukinunua kesho?

Swali lenyewe si langu. Mwaka 1991 msomi Mmarekani, Jay Barney, aliandika kwamba kampuni hushinda kwa muda mrefu kwa mali iliyo ndani yake, bora iwe na thamani, iwe adimu, iwe ngumu kuigwa na isiwe na mbadala. Mashine yako inaanguka mtihani huo kabla chai haijapoa.

Sasa inua macho uangalie vilima. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiona wilaya ya Machakos, Mbooni ikiwa ndani yake, kama nchi inayokufa kwa mmomonyoko. Wakalazimisha watu kuchimba matuta; watu wakachimba kwa kinyongo. Fanya juu ilishika baadaye, kuanzia miaka ya 1950, vikundi vya mwethya vilipojichagulia viongozi wao: leo kwangu, kesho kwako, na majembe mengi mikononi mwa akina mama. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika mwaka 1994 kwamba watu wa wilaya hiyo waliongezeka karibu mara sita kati ya 1932 na 1989, na bado mmomonyoko ukapungua.

Hiyo ndiyo mali, bana. Mwethya unajua nani hutoroka kazi, nani ana mgonjwa asisumbuliwe, na maziwa ya nani huonja maji. Agiza hiyo kutoka China tuone.

Na tunaiua wenyewe. Kikundi cha mama yangu kilipata mradi, sitautaja, ukaanza kulipa posho ya kukaa mkutanoni. Miaka miwili, mradi ukafunga virago. Siku hizi ukiita watu shambani wanauliza kwanza: ni ngapi? Siwalaumu. Mwethya haukuwa peponi pia; machifu wa mkoloni waliutumia kama fimbo. Lakini msije mkaniambia ati tulikosa mtaji.

Wewe wa aplikesheni, kabla hujatafuta mwekezaji, njoo Jumamosi na jembe. Mvua ya Novemba imebomoa tuta la chini, na mpaka sasa tuko watatu tu.