Si lugha iliyopungukiwa, ni jicho lisilotazama

Majuzi mpwa wangu, aliye katika kidato cha pili, alinijia akiwa amekunja uso na daftari la insha mkononi. Walikuwa wametakiwa waandike kuhusu mandhari wanayoyafahamu kwa kuyaona au kwa kusimuliwa. Yeye alichagua ufuo wa ziwa moja la kaskazini mwa Marekani, ambako kaka yake mkubwa anafanya kazi na kupiga picha kila majira ya baridi yanapofika. Picha hizo humfikia, naye huzitazama mpaka akazijua kama ajuavyo ua wa nyumba yao.

Katika insha hiyo msichana aliandika kwamba barafu ilikuwa imevunjika vigae vigae na kulundikana ufuoni, na kwamba theluji ilikuwa imefanya ukoko juu yake, mtu akiukanyaga unalia kama ukoko wa wali. Mwalimu alipitisha kalamu nyekundu juu ya sentensi zote mbili. Pembeni aliandika: "Haya ni maneno ya jikoni. Tumia tamathali ulizofundishwa." Kisha akampa alama 7 kati ya 20. Mwenzake aliyeandika kwamba theluji ilikuwa nyeupe kama pamba alipata 15.

"Mjomba," akaniuliza, "kwani nimesema uwongo?"

Sikukusudia kuandika makala haya ili kumsuta mwalimu huyo, na shule yake sitaitaja. Mimi mwenyewe ni mwalimu, na najua mzigo wa madaftari ulivyo. Lakini swali la msichana huyo linanihusu mimi na walimu wenzangu wote wa lugha, na linastahili kujibiwa hadharani. Jibu langu ni kwamba hakusema uwongo hata kidogo. Nasema hivyo kwa kuwa ufuo ule nimewahi kuukanyaga kwa miguu yangu.

Ziwa lenyewe ni Superior, ambalo Waojibwe, wenyeji wa asili wa nchi ile, hulita Gichigami, yaani bahari kuu. Mkenya ana sababu ya pekee ya kulijua. Tunawafundisha watoto kwamba ziwa letu Victoria, lenye eneo la kilomita mraba 68,800 hivi, ni la pili kwa ukubwa miongoni mwa maziwa ya maji baridi duniani. Aghalabu tunasahau kuwaambia la kwanza ni lipi. La kwanza ni hilo Superior, lenye kilomita mraba 82,100 hivi. Tofauti iliyo kubwa zaidi imo katika kina. Victoria halizidi sana mita 80, ilhali Superior linafika mita 406. Maji yake yana ubaridi unaoweza kumuua mwogeleaji hata jua linapowaka.

Nilialikwa kufundisha muhula mmoja katika mji wa Duluth, ulio kwenye ncha ya magharibi ya ziwa hilo. Kutoka hapo barabara inafuata ufuo wa kaskazini kwa takriban kilomita 240 hadi mpaka wa Kanada, ikipita kwenye maporomoko ya maji ya Gooseberry na mnara wa taa wa Split Rock, uliowashwa mara ya kwanza mwaka 1910 baada ya dhoruba ya Novemba 1905 kuharibu meli nyingi. Mnara huo uliacha kuongoza meli mwaka 1969, na leo wanaouendea ni watalii na wapiga picha.

Nilidhani kwamba wakati wa baridi watu wa huko hujifungia ndani. Kumbe ndio wakati wao wa kutoka. Wengine huvaa viatu vipana mfano wa nyungo, visivyozama thelujini, wakapanda vilima. Wengine huteleza juu ya mbao nyembamba, au huketi kwenye vigari visivyo na magurudumu vinavyokokotwa na mbwa. Wapiga picha nao huamka gizani, kwa kuwa ufuo ule umeelekea kusini-mashariki, na jua huchomoza juu ya maji yenyewe. Mwezi wa Desemba mchana wao hauzidi sana saa nane na nusu, na jua haliinuki juu. Hupita chini chini pembeni mwa anga, likitoa mwanga wa ubavuni unaochora kila mfinyo wa theluji. Sisi wa ikweta, ambao jua la adhuhuri hutusimamia utosini, hatuna mwanga wa namna ile isipokuwa asubuhi na jioni.

Asubuhi moja, baridi ikiwa nyuzi 24 chini ya sifuri, nilimfuata mwenyeji mmoja aliyezoea kupiga picha. Jambo la kwanza alilonifunza ni kutokanyaga barafu ya ziwa bila kumwuliza anayeijua, kwa sababu upepo unaweza kuimega na kuipeleka mbali pamoja na aliyesimama juu yake. La pili ni kuziweka betri za kamera ndani ya koti karibu na mwili, maana baridi huzidhoofisha upesi. La tatu ni kutoileta kamera ndani ya chumba chenye joto kabla ya kuifunga katika mfuko, ili unyevu usigande juu ya lenzi.

La nne lilinigusa zaidi kama mtu wa lugha. Kamera ikiachiwa ijipimie mwanga yenyewe, theluji hutokea katika picha ikiwa ya kijivu. Chombo hicho kimeundwa kikidhani kwamba kila mandhari, kwa wastani, yana weupe na weusi wa kadiri. Kikielekezwa kwenye weupe mtupu, hukataa kuuamini, kikaufifiza. Mpiga picha hana budi kukirekebisha kwa kuongeza mwanga. Nilipoisoma ile kalamu nyekundu katika daftari la mpwa wangu, niliikumbuka kamera ile. Nasi walimu tumejipima mapema tukaamua insha nzuri inafananaje, na mwanafunzi akituletea weupe halisi tunaugeuza kijivu.

Basi nirudi kwenye vigae na ukoko. Barafu nyembamba ya ziwa lile, upepo ukiisukuma ufuoni, huvunjika vipande bapa vyenye ncha kali, vikapandana na kulia kama gilasi zinazogongana. Vipande hivyo ni vigae, na Mswahili yeyote aliyewahi kuvunja mtungi atavitambua. Theluji nayo, ikiyeyuka juu mchana na kuganda tena usiku, hufanya ganda gumu lililofunika ulaini. Huo ni ukoko. Yapo pia mapande ya barafu ya mviringo, yaliyogonganagongana majini mpaka kingo zikainuka. Niliyaita chapati, na wenyeji nao nikakuta wanayafananisha na chakula chao cha namna hiyo hiyo. Ipo theluji kavu isiyoshikamana, ambayo ni unga. Na ule ugandaji mwembamba unaotanda juu ya majani alfajiri una jina katika kamusi zetu tangu zamani, nalo ni sakitu. Wakulima wa majani chai wa nyanda zetu za juu wanaujua uharibifu wake.

Yasemwa mara kwa mara, hata katika kumbi za vyuo, kwamba Waeskimo wana maneno mamia ya theluji na sisi tuna moja tu, kwa hiyo lugha yetu haifai kwa habari za huko. Hadithi hiyo ina historia ya kuchekesha. Mwaka 1911 msomi Franz Boas alitaja mashina manne tu ya maneno hayo, akitaka kuonyesha jinsi kila lugha inavyogawa mambo kwa namna yake. Mwaka 1940 Benjamin Lee Whorf alilirudia jambo hilo kwa kulipanua, na magazeti yakazidisha hesabu mwaka hadi mwaka bila kumwuliza msemaji hata mmoja. Mwaka 1986 Laura Martin aliufichua mlolongo huo, na Geoffrey Pullum akaueneza ufichuzi katika kitabu chake cha mwaka 1991. Lugha hizo zina uwezo wa kuunda maneno kwa viambishi bila kikomo, kama Kiswahili kinavyoweza kuunda vitenzi. Kwa hiyo kuhesabu maneno hakupimi utajiri wa lugha yoyote.

Isitoshe, Kiswahili hakikuanza jana kushughulika na ubaridi. Barafu ni neno lenye asili ya Kiajemi, na huko asili yake ni theluji. Theluji tuliipokea kutoka Kiarabu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro, mwongozaji wake aliuita "baridi", basi. Wapo wanaoisoma habari hiyo wakaona ushahidi wa upungufu. Mimi naona kinyume chake. Mtu yule alitaja lile alilokuwa na hakika nalo. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley alikuwa na maneno tele, akayatumia kukanusha kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta. Wasafiri waliofuata walithibitisha kwamba mwenye neno moja na macho alikuwa karibu na kweli kuliko mwenye maneno elfu na kiti. Wahenga walisema kusikia si kuona.

Yupo atakayesema kwamba haya yote ni anasa ya wenye nacho: kamera, safari, makoti mazito. Sibishi kwamba vitu hivyo vina gharama. Lakini mpwa wangu hana kamera wala hajavuka mpaka wa nchi hii. Alichofanya ni kutazama. Katika misitu ya jimbo lile la Minnesota, mpiga picha Jim Brandenburg, aliyefariki mwaka 2025, alijiwekea sharti katika mwaka 1994: kwa siku 90, kuanzia mwanzo wa majira ya kupukutika majani hadi kuingia kwa majira ya baridi, angepiga picha moja tu kwa siku, bila kurudia. Mtu aliyezoea kutumia filamu nyingi alijinyima ili ajilazimishe kutazama kabla ya kubonyeza. Zoezi hilo halihitaji theluji. Mwalimu wa Homa Bay au Nakuru anaweza kuwaambia wanafunzi wake waende ziwani, kila mmoja alete sentensi moja kwa siku kuhusu kitu kimoja alichokiona, na asiruhusiwe kutumia tashbihi yoyote aliyoikariri darasani. Baada ya muhula mmoja tutakuwa na waandishi.

Lipo na jambo zito zaidi. Mandhari haya yanatoweka. Katika ufuo ule wa kaskazini hufanyika mashindano ya mbwa yanayoitwa kwa jina la John Beargrease, Mwojibwe aliyebeba barua kati ya Two Harbors na Grand Marais kwa miaka mingi mwishoni mwa karne ya 19, kwa mashua wakati wa joto na kwa mbwa wakati wa baridi. Mwaka 2024 mashindano hayo yalifutwa kwa kukosa theluji, na mwaka 2025 yakafutwa tena kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 2014 ziwa hilo lilikuwa limefunikwa na barafu karibu lote. Majira ya baridi yaliyoishia mwaka 2024 barafu ilikuwa haba mno. Nasi tusijidanganye kwamba hayo ni ya wenzetu. Barafu ya Lewis juu ya Mlima Kenya imesinyaa mno kulinganisha na ilivyokuwa babu zetu walipoitazama, na nyingine kadhaa za mlima huo zimekwisha kabisa. Watoto wetu watairithi tashbihi ya "nyeupe kama theluji ya Kirinyaga" huku mlima wenyewe ukiwa mweusi. Kilichotoweka bila kuelezwa hutoweka mara mbili.

Waojibwe wana desturi ya kuzisimulia ngano zao tukufu wakati ambapo theluji imetanda ardhini. Nasi katika jamii nyingi za hapa tulikatazwa kusimulia ngano mchana. Kila jamii imejua kwamba maneno yana wakati wake na mahali pake, na kwamba msimulizi mwema huyachota pale anapoishi. Basi yakitoka jikoni yana kosa gani? Jiko ndilo mahali ambapo lugha hii inasemwa kila siku na kila mtu. Neno la jikoni likibeba barafu ya Gichigami bila kumwagika, hilo ni neno lililokomaa.

Walimu wenzangu, nawasihi tuiweke kalamu nyekundu chini kwa kitambo tunapokutana na sentensi tusiyoitarajia, tujiulize kwanza kama ni ya kweli. Sarufi tuisahihishe, tahajia tuisahihishe, lakini jicho la mtoto tuliache wazi. Nanyi wanafunzi, mtaka cha mvunguni sharti ainame: inameni mtazame, ndipo mwandike.

Daftari la mpwa wangu nimelirudisha shuleni pamoja na barua ya heshima kwa mwalimu wake na picha mbili za ufuo ule. Katika moja yamo marundo ya barafu iliyovunjika. Nimemwomba aitazame kwa utulivu, kisha anieleze yeye angeviita nini vipande vile.