Wahadhiri nao wapelekwe kambini

Na Kulwa Masunga

Tangu Simiyu imegwe kutoka Shinyanga mwaka 2012, mkoa huu umejulikana kwa pamba na kwa kambi za kitaaluma. Kambi zilivuma zaidi Anthony Mtaka alipokuwa mkuu wa mkoa. Watahiniwa wa shule mbalimbali walikusanywa pamoja kabla ya mtihani wa taifa, wakaletewa walimu mahiri wa kila somo, wakala na kulala hapo hapo, wakapambana na maswali ya miaka iliyopita hadi usiku. Wapo waliobeza. Matokeo yalipoanza kupanda, wabezaji wakapunguza sauti.

Mimi nashangaa kitu kimoja. Kama tulikubali kwamba kijana wa kidato cha sita anahitaji utulivu na wenzake ili afanye vizuri, kwa nini mwalimu wa chuo tunamwacha apambane peke yake?

Bariadi siku hizi kuna kampasi ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), kwa hiyo suala hili si la Dar es Salaam tu. Mhadhiri anafundisha, anasimamia tafiti za wanafunzi, anasahihisha rundo la mitihani, anaitwa kikaoni. Kupanda kwake cheo kunategemea machapisho. Andiko lenyewe limo kwenye kompyuta mpakato, faili limepewa jina “rasimu ya mwisho 4”, na limekwama palepale pa mwaka jana, kwenye mjadala wa matokeo. Takwimu anazo na hoja anayo. Anaandika usiku watoto wakishalala, aya moja, kisha usingizi unamshinda.

Wenzetu wamelifanyia kazi jambo hili. Huko New Zealand, Barbara Grant wa Chuo Kikuu cha Auckland alianza miaka ya 1990 kuwapeleka wanataaluma wanawake mahali pa mbali na ofisi, wakaandike pamoja. Uskoti, Rowena Murray akaja na utaratibu mkali zaidi: wote chumba kimoja, ratiba moja. Kila mmoja anataja atakachoandika, wanaandika kwa muda uliopangwa, kama saa moja na nusu, wanapumzika, wanarudi. Hakuna mada zinazowasilishwa wala kuchungulia barua pepe.

Ukisikia hivyo utadhani faida ni muda tu. Muda ni nusu ya habari. Nusu nyingine hupatikana wakati wa chai na chakula. Mhadhiri msaidizi anamsikia profesa akilalamika kwamba asubuhi nzima amefuta kurasa mbili, naye anatambua kuwa kufuta ni sehemu ya kazi. Mtu wa uhasibu anamweleza hoja yake mtu wa kilimo, anaulizwa “kwa hiyo?”, anakosa jibu, na hapo ndipo anapoona andiko lilipopwaya. Maoni makali ya wahakiki wa jarida, ambayo mtu huyaficha kwa aibu mwaka mzima, yakisomwa mezani kwa sauti huwa yanachekesha, kisha yanajibika.

Sisi Wasukuma hatuhitaji kufundishwa hili na mtu wa Uskoti. Shamba ambalo mtu peke yake angelima kwa kuburuta miguu, kundi la bugobogobo hulimaliza kwa ngoma, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Tena kitabu kinene kuhusu nyimbo zetu za kazi kilitoka mwaka 2010, na aliyekiandika ni Mmarekani, Frank Gunderson. Simlaumu hata kidogo. Alisikiliza, akakaa, akaandika. Ila wanataaluma wetu wanaozielewa nyimbo hizo bila mkalimani, rasimu zao ziko wapi? Na mkulima wa pamba wa Itilima, au yule wa Meatu anayekesha kulinda shamba dhidi ya tembo, ataandikwa na nani?

Mahali si tatizo. Shule za bweni hubaki tupu likizo ya Juni na ya Desemba, na viwanja vya Nyakabindi vina pilikapilika za Nane Nane Agosti tu. Umeme wa uhakika, meza, chakula, na mtu mmoja wa kushika ratiba vinatosha.

Ninachokihofia ni sisi wenyewe. Tunaijua semina ya Kitanzania: bango, kanga za sare, utambulisho hadi saa tano, kisha mazungumzo ya posho yanayochangamsha ukumbi kuliko mada. Kambi ya uandishi ikiingia mkondo huo, bora isianze. Chuo kilipie malazi na chakula, posho ya kukaa isiwepo, na mkuu wa idara asiwapigie simu watu wake kuuliza ratiba ya mitihani. Mgeni rasmi wa ufunguzi asialikwe. Akitaka sana kushiriki, aje siku ya mwisho, akabidhiwe rasimu moja na kalamu nyekundu, akae asome kama wengine.