Mchezaji asipange sheria za mechi

NDUGU msomaji, wewe unayeshinda kijiweni Ngarenaro au Unga Limited, huenda unadhani kanuni za mahakama ni mambo ya mawakili na suti zao. Unajidanganya.

Mkumbuke Godbless Lema. Novemba 2016, akiwa Mbunge wa Arusha Mjini, alikamatwa. Hakimu aliona anastahili dhamana, lakini kabla ya kutaja masharti, upande wa mashtaka ukatoa notisi ya kukata rufaa. Basi! Akalala Kisongo hadi Machi 2017 bila kuhukumiwa. Kilichomfunga ni utaratibu. Kama mbunge mwenye mawakili alinaswa hivyo, wewe mlalahoi unayepiga debe stendi itakuwaje?

Sasa jiulize: taratibu hizi hutungwa na nani? Za jinai zimo katika sheria ya mwaka 1985, ambayo hubadilishwa na Bunge. Huko walau unaweza kumbana mbunge wako. Za madai ni habari nyingine. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 ilimpa Jaji Mkuu uwezo wa kubadili Jedwali la Kwanza, ambalo ndilo lenye kanuni zenyewe, kwa ridhaa ya Waziri wa sheria. Zikichapwa katika Gazeti la Serikali, kazi imekwisha. Ndivyo zilivyorekebishwa mwaka 2019. Jaji Mkuu huteuliwa na Rais. Waziri naye vivyo hivyo. Mwananchi yuko wapi?

Wakubwa wakikaa kimya, unaumia vilevile. Sheria ya kudai haki za msingi Mahakama Kuu ilitungwa mwaka 1994. Kanuni zake za uendeshaji zikatoka 2014. Miaka 20!

Hatusemi wanasiasa wawafundishe majaji kazi. Tunasema mambo mawili. Kwanza, rasimu ya kila kanuni ibandikwe mahakamani kwa Kiswahili, Arusha mjini hadi Usa River na Ngaramtoni, tutoe maoni kabla haijasainiwa. Pili, ridhaa ya Waziri ifutwe. Serikali hushtakiwa katika mahakama hizo hizo. Mchezaji hawezi kupanga sheria za mechi.

Tangu mabadiliko ya mwaka 2000, Katiba inaagiza haki isikwamishwe na masharti ya kiufundi kupita kiasi. Kijana, siku utakayopanda kizimbani utakuta kanuni imeshatungwa. Piga kelele leo.